Masika Kwenye Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 9 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri. Niliisikia kabla ya kuiona, kwa sababu dirisha la sebule hii linatazama ukuta wa jengo la jirani, na nafasi iliyo katikati ni ndogo kiasi kwamba mtu akinyoosha ufagio atagusa upande wa pili. Maji yaliteremka ukutani yakiacha michirizi myeusi. Harufu ya udongo haikufika huku juu. Kilichofika ni harufu ya saruji iliyolowa na ya mafuta ya chipsi.

Nitaandika siku nitakazokuwa na la kuandika, maana sina kazi nyingine. Nilikuja Nairobi mwezi wa pili kupimwa macho. Macho yalikutwa mazima. Nilipokuwa nashuka ngazi za jengo hili ili nirudi nyumbani, nikateleza na kuvunjika nyonga. Hospitalini walinitia chuma. Daktari amekataza ngazi na safari mpaka mfupa ushike, na hakutaja mwezi.

Basi niko mtaa wa Tena, katika nyumba ya Griffins, kitinda mimba wangu, ambaye hajaoa, jambo ambalo silijadili hapa. Kwa mila zetu Wajaluo, baba hapaswi kulala katika nyumba ya mwanawe. Nimejiambia kwamba nyumba ya kupanga si boma, ni mahali pa kujikinga mvua tu. Mke wangu Amondi, aliyekuja kuniuguza, analala katika chumba kidogo, nami nalala kwenye kochi.

Shida yangu si kochi. Kule kwetu Ugenya, mwanangu mkubwa, Oketch, hawezi kutia mbegu ardhini kabla yangu. Mwenye boma na mkewe ndio wanaofungua msimu: wanalala pamoja, asubuhi wanapanda mstari wao, ndipo wana wapande mashamba yao. Mwana akimtangulia baba aliye hai, amemhesabu kuwa marehemu. Mimi ni mzee wa kanisa na sina hofu ya mizimu, lakini utaratibu ni utaratibu. Hata miaka niliyofundisha shule ya mbali, karibu na Ziwani, kila mwezi wa tatu nilisafiri kwenda kupanda mstari mmoja tu, na Jumatatu nikawa darasani.

Mvua imenyesha, mbegu ziko ghalani, na mwenye boma yuko ghorofani.

Jumanne, 10 Machi

Mvua.

Ijumaa, 13 Machi

Oketch amepiga simu.

“Baba, huku imepiga vizuri. Udongo umelainika mpaka ndani.”

“Shamba limelimwa?”

“Mara mbili. Tunakungoja wewe tu.”

“Ngojeni.”

Mkewe Nafula akachukua simu. Nafula ni Mbukusu wa Bungoma, na ni mtu wa maneno machache ambayo kila moja lina makali. “Habari ya mguu, Baba?”

“Unaendelea.”

“Haya. Na mvua pia inaendelea.”

Akamrudishia mumewe simu. Nilimwona hana adabu, na bado namwona hivyo ninapoandika.

Jumatatu, 16 Machi

Jioni hii kumbikumbi wametoka. Nyumbani hutoka kwenye kichuguu ninachokijua, nasi tunajua kila kichuguu hutoa saa ngapi. Hapa walitoka kwenye ufa wa saruji kando ya mtaro wa majitaka, wakapanda na mwanga wa taa mpaka ghorofa yetu, wakaangusha mbawa zao juu ya kitabu changu. Wanawake waliweka makarai ya maji chini ya taa za ngazi. Amondi alishuka, akarudi na sufuria, akawakaanga kwa chumvi. Walikuwa wadogo kuliko wa kwetu, lakini utamu ule ule.

Jirani wa mlango wa pili alifuata harufu. Anaitwa Koki, ni Mkamba kutoka Mwingi, na huuza mboga hapo chini kwenye lango.

“Mwalimu, mbona uso umekunjwa hivyo na unakula vitamu?”

Amondi akamweleza habari ya mbegu zetu. Koki alicheka mpaka akashika mlango.

“Ngai! Sisi kwetu twapanda kwa vumbi, mvua ikuje ipate mbegu ishalala. Zetu hungoja mvua. Zenu zangoja mtu! Na mtu akivunjika?”

“Mtu akivunjika hupona,” nilisema.

“Sawa, Mwalimu. Mvua nayo isubiri upone.”

Jumamosi, 28 Machi

Oketch amesema kwamba mahindi ya jirani yetu yameota na yamefika kwenye kifundo cha mguu. Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja bei ya kitu asichokusudia kununua.

Griffins alinisikia nikikata simu. Alikuwa anavaa viatu aende zamu. Anafanya kazi ghala la kiwanda kule Industrial Area.

“Baba, si uwaambie tu wapande? Simu si hiyo uko nayo mkononi?”

“Mbegu hazipandwi kwa simu.”

“Basi Uncle Obonyo awafungulie.”

“Ndugu yangu Obonyo atafungua boma langu siku mtakayonizika.”

Griffins akafunga kamba za viatu polepole. “Lakini Baba, kulala kwangu pia si ni mwiko? Hiyo si ulipata njia yake?”

Nilimwomba chai. Aliniletea na kwenda zamu, na swali lake likabaki sebuleni.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Ibada nimeisikiliza redioni. Mvua tangu alfajiri. Kuvu nyeusi imeota kwenye kona ya dari, juu kidogo ya kichwa changu, nayo ina afya njema.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo nimefanya jambo la kipumbavu, nami nitaliandika lote.

Amondi alikwenda sokoni. Griffins alikuwa kazini. Kwa muda wa juma zima nilikuwa nikitembea kutoka kochi hadi roshani kwa fremu niliyopewa hospitali, na mguu haukulalamika sana. Nikajiambia kwamba mtu anayeweza kufika roshani anaweza kufika langoni, na anayefika langoni anaweza kufika kwenye basi la jioni. Nilivaa koti. Nilitia mfukoni nauli na Biblia ndogo. Nikafungua mlango.

Ngazi za jengo hili ni nyembamba, na mvua inapopiga kutoka mashariki maji huingia kwenye matundu ya ukuta na kutiririka kutoka kidato hadi kidato. Niliacha fremu mlangoni kwa sababu haikutosha. Nilishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, nikashuka kinyumenyume kama mtoto. Nilifika kwenye kibaraza kati ya ghorofa ya nne na ya tatu. Hapo mguu ukagoma. Kushuka haukutaka, na kupanda haukutaka. Niliketi kwenye maji.

Kuna tundu pale, la ukubwa wa tofali, na kwa mara ya kwanza tangu niingizwe humu niliona ardhi. Kati ya jengo letu na mtaro kuna ukanda wa udongo usiozidi upana wa kitanda. Mwezi wa pili ulikuwa mweupe, umekanyagwa, umejaa mifuko ya plastiki. Sasa kila kitu kimeota. Kunde zilizodondoka kwenye magunia ya Koki zimetambaa juu ya chuma chakavu. Kuna mnyanya, na mboga za mchicha zenye majani makubwa kama sahani kwa sababu zinakunywa kutoka mtaroni. Vyura walikuwa wakilia mchana kweupe. Hakuna aliyevipanda hivyo vyote. Niliketi nikivitazama, suruali imelowa, nikawaza shamba langu lililolimwa mara mbili na kuachwa wazi, likiota magugu, udongo wake ukisombwa mtoni.

Koki ndiye aliyenikuta.

“Woi! Mwalimu, waenda wapi na koti?”

“Nyumbani.”

Hakucheka. Alikaa kidato cha juu yangu, akaweka kikapu chake chini, akasema, “Nyumbani ni mbali, na wewe hata kwa mlinzi hujafika.” Kisha akamwita mlinzi na kijana mmoja wa chini, wakaniketisha kwenye kiti cha plastiki, wakanipandisha juu kwa mabega kama maiti anayepelekwa kuoshwa. Watoto wa ghorofa ya tatu walitoka kutazama. Mmoja aliuliza kama nimekufa. “Bado,” mlinzi alisema.

Amondi aliporudi alinibadilisha nguo na kuanika suruali. Nilitamani anigombeze.

Jumanne, 14 Aprili

Amondi amesema jambo akiwa anachagua mchele. Hakuinua macho.

“Baba Oketch, kama wewe huwezi kwenda kwa udongo, udongo hauwezi kuja kwako?”

Nilimwuliza ana maana gani.

“Oketch atie udongo wa shamba kwenye gunia, atie na mbegu, aweke kwenye basi. Utapanda hapa, kwenye karai. Udongo ni ule ule, mbegu ni ile ile, mwenye boma ni yule yule.”

Nilimwambia kwamba huo ni mchezo wa watoto. Akaendelea na mchele wake.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimelitafakari. Utaratibu unataka mkono wangu, mbegu yangu na ardhi yangu. Hausemi ardhi iwe mahali gani. Nimempigia Oketch. Aliniuliza kama ni udongo kweli ninaotaka, kisha akasema, “Nitaleta, Baba.”

Jumanne, 21 Aprili

Udongo ulifika jana katika gunia la unga, umefungwa kwa kamba ya katani. Niliufungua mwenyewe. Ni mwekundu, na ndani yake mlikuwa na nyungunyungu mmoja aliye hai, aliyesafiri usiku kucha kutoka Ugenya. Sijapata kumwonea mdudu huruma kama hivyo.

Tulifuata utaratibu wote. Griffins alikuwa zamu ya usiku, na hilo latosha. Asubuhi mimi na Amondi tulisimama roshanini, mimi nikishikilia fremu, tukatoboa mashimo kwenye karai kwa kijiko cha mbao, yeye akitia mbegu, mimi nikifukia. Nikasali. Nikampigia mwanangu.

“Nimepanda. Sasa pandeni.”

Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika.

“Tumesikia, Baba,” Oketch akasema. “Asante.” Sauti yake ilikuwa nzito. Nilifurahi kuwa na mwana anayeguswa na mambo kama haya.

Jumatano, 29 Aprili

Yameota. Manne kati ya yote tuliyotia.

Jumatatu, 11 Mei

Roshani hupata jua kidogo asubuhi, kipande chembamba kinachopita kati ya paa mbili. Mimea yangu imeligundua. Yote minne imeinama upande mmoja kama watu wanaochungulia dirishani. Shina ni jembamba na refu, jani lina rangi ya maji ya mchele. Amondi aligeuza karai ili isimame wima. Kufikia kesho yake jioni ilikuwa imeanza kurudi ilikoelekea. Mrenda wake alioupanda kwenye kopo la rangi nao umekuwa hivyo hivyo: kwetu huwa kichaka, hapa ni kamba zenye majani machache nchani.

Natazama karai na najua jinsi shamba lilivyo. Mbegu ni moja, na zilifukiwa siku moja.

Jumapili, 17 Mei

Mvua imekatika. Siku zote hizi hakuna tone, na asubuhi kuna baridi. Mahindi ya kwetu yana majuma machache tu ardhini. Yalihitaji mwezi mzima zaidi wa maji.

Oketch nikimwuliza husema, “Yako tu, Baba.” Hiyo ni lugha ya mtu asiyetaka kumhuzunisha mzee.

Ijumaa, 22 Mei

Nimeanza kuacha nusu ya ugali wangu sahanini. Sioni kwa nini nishibe hapa ilhali wajukuu watakosa kule kwa ajili ya mguu wangu.

“Kula,” Amondi alisema.

“Nimetosheka.”

“Ugali ulioacha hauendi Ugenya. Unaenda kwa pipa la taka, na kunguru wanaushukuru.”

Kweli kunguru wameshaijua saa yetu ya chakula. Wanasimama kwenye ukuta wa pili na kunitazama kila mmoja kwa jicho moja.

Jumanne, 2 Juni

Vidukari wamejaa kwenye mahindi ya karai. Nimewafuta kwa kitambaa na maji ya sabuni. Mnyonge daima ndiye wanayemwona kwanza.

Jumatano, 10 Juni

Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Saa nne asubuhi nilimpigia Oketch kuuliza habari za ng'ombe. Tulipokuwa tukizungumza, nilisikia nyuma yake mtu akipiga debe. Kisha sauti ya Nafula, kali na ya mbali, akimhimiza binti yao: “Huyo! Huyo amepanda na mawili! Awuor, zunguka na huko!” Na debe tena, na mbwa.

“Nafula anamfukuza nani?” niliuliza.

“Ni… ni tumbili tu, Baba.”

Nimeishi na tumbili wa mto ule tangu utotoni. Katika kiangazi hukaa kwenye mikuyu yao. Mahindi yakiwa machanga hawayagusi. Hushuka shambani wakati mmoja tu, nao hawakosei: wakati punje zimejaa maziwa. Mahindi yaliyopandwa mwisho wa Aprili leo hayafiki kifuani, na hayana kitu ambacho tumbili angekimbia nacho.

“Oketch,” nikasema, “tumbili amebeba mawili ya nini?”

“Baba…”

“Mlipanda lini?”

Kisha simu ikachukuliwa, na Nafula akasema, akitweta, “Ni mimi, Baba. Mimi ndiye niliyepanda. Oketch hakugusa jembe, hakugusa mbegu. Nilipanda wiki ile ile nilikuuliza habari ya mguu.”

“Kwa ruhusa ya nani?”

“Ya mvua, Baba. Kwetu mwanamke akiona mvua hupanda. Na mstari wako nimeuacha. Upo pale juu, karibu na mkuyu, haujaguswa. Una magugu tu.”

Nilikata simu. Amondi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, na uso wake haukuwa na mshangao wowote.

“Ulijua,” nikamwambia.

“Nilijua.”

“Na udongo ule?”

“Ulikuwa hulali, Baba Oketch. Ulikuwa umekaa kwa maji pale ngazini. Ningekuacha ufe kwa sababu ya mahindi yaliyokuwa yamefika magotini?”

Alhamisi, 11 Juni

Sikusema na mtu.

Ijumaa, 12 Juni

Nimesalitiwa na watu watatu, wanne nikimhesabu Griffins, ambaye leo amekiri kwamba alijua tangu Pasaka. Nimefikiri sana kuhusu kimya kile cha Oketch niliposema “sasa pandeni.” Nilikiita heshima. Alikuwa amesimama ndani ya mahindi yanayomfikia mapajani.

Jioni alipiga.

“Baba, naomba unisikie kidogo. Mahindi yameanza kujaa, mengine ni ya kuchoma tayari. Hatujaonja. Hata mtoto hajaonja. Tunakungoja uonje kwanza.”

Hilo nalo ni utaratibu wetu: mazao mapya huonjwa na mwenye boma kabla ya wanawe.

“Mlijua kupanda bila mimi,” nilisema. “Jueni na kula.”

“Hatuwezi, Baba.”

“Kwa nini? Nafula si yupo?”

“Yeye ndiye amekataza watoto.”

Nilikata simu.

Jumanne, 16 Juni

Baridi na ukungu. Ukuta wa pili hauonekani, na kwa mara ya kwanza chumba hiki kimekuwa kama hakina mbele. Daktari amesema ngazi labda mwezi wa nane.

Ijumaa, 19 Juni

Nafula amepiga simu kwa Amondi, naye ameiweka mbele yangu kwenye meza, sauti ikiwa wazi, akaenda zake roshanini.

“Baba, nitasema moja kisha nikuache. Unga wa dukani umepanda, na wa mwaka jana umeisha. Watoto wanashinda wakilinda mahindi wasiyoyala. Tumbili wamekula kabla yako, Baba. Hao niliwapiga mawe lakini hawajui boma ni la nani.”

Nusura nicheke. Sikucheka.

“Unataka niseme nini?” niliuliza.

“Usiseme. Kula tu. Ukinichukia, nichukie ukiwa umeshiba.”

Usingizi haukunijia vizuri. Nikionja, nitakuwa nimekubali kwamba msimu ulifunguliwa nikiwa hai, na si kwa mkono wangu. Nisipoonja, wataendelea kufukuza tumbili huku wana njaa.

Jumatano, 24 Juni

Asubuhi jua lilitoka dakika chache. Nilikwenda roshanini kwa fremu. Mimea miwili ilikufa kwa vidukari. Mmoja umekatika shina. Wa nne umefika juu ya chuma cha roshani, na kichwani umetoa mbelewele, lile ua la juu, lililokunjamana kama kidole cha mtoto aliyekaa majini. Nilipapasa shina kutoka juu hadi chini, jani baada ya jani, nikitafuta ndevu, nikitafuta hata uvimbe. Hakuna hindi. Umerefuka kufuata jua mpaka nguvu zote zikaishia kwenye kurefuka.

Amondi alikuwa anaanika nguo.

“Huu ndio niliokuwa nikiuombea,” nikamwambia. “Kila asubuhi. Nilidhani naombea shamba.”

“Najua. Nilikuwa nakusikia.”

“Ulikuwa unanicheka?”

“Mara ya kwanza, ndiyo.” Alibana soksi ya Griffins kwenye kamba. “Halafu nikawa naitikia amina. Si mvua ilikuwa inanyesha kule? Dua ilifika, ilikosea tu tarehe.”

Alichukua soksi ya pili, akaongeza, kwa sauti ya chini, “Nafula angeweza kula zamani. Yeye si mtoto wako wa damu, na hakuna mwiko unaomshika mwanamke wa Bungoma. Anangoja kwa sababu anataka uwe hai, Baba Oketch. Angekuwa amekuhesabu marehemu, si angekuwa ameshashiba?”

Nilisimama pale mpaka jua likaondoka. Kisha nikamwambia amwambie Oketch alete mahindi.

Jumamosi, 27 Juni

Griffins ameyachukua kwenye steji ya mabasi na kuyapandisha kwa bega. Gunia zima. Majani bado mabichi, ndevu zimekuwa kahawia, kila hindi limejaa mpaka ncha. Koki alikuja, akabinya moja kwa kidole, maziwa yakamrukia shavuni.

“Ai, Mwalimu! Na si ulisema hayakupandwa?”

“Yalipandwa,” nilisema.

“Na nani?”

“Na mke wa mwanangu.”

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa sauti. Koki alitingisha kichwa, akachagua manne makubwa bila kuuliza, nami nikamkumbusha kwamba hayajaonjwa. Akayaweka mapajani mwake na kukaa chini kungoja.

Jumapili, 28 Juni

Nilimwambia Amondi kwamba tutafanya baada ya ibada, si kabla. Alichemsha manne kwenye sufuria kubwa na kuchoma moja juu ya jiko la makaa roshanini. Moshi ulipanda kati ya majengo mawili, na mtu wa ghorofa ya tano alipiga kelele kuuliza kama kuna kiosk kimefunguliwa.

Griffins alipiga simu kwa Oketch na kuiweka juu ya meza. Nilisikia upepo wa kule, na jogoo, na watu wakikaa.

“Baba, tuko wote,” Oketch alisema. “Uncle Obonyo pia yupo. Kila mtu ameshika lake mkononi.”

“Nafula yupo?”

“Nipo, Baba.”

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Alhamisi, kuhusu boma na mpangilio wake, na kuhusu mambo ambayo hayatarudiwa. Niliposhika hindi lilikuwa la moto, nikalihamisha kutoka mkono hadi mkono, na maneno yote nikayaona marefu.

“Nafula,” nikasema, “ule mstari wangu, palilia magugu yake. Ardhi isikae bure. Vuli utapanda maharagwe.”

“Nipande mimi?”

“Mvua ikija, panda. Kama nimeshaweza ngazi, nitakukuta. Kama sijaweza, usiningoje.”

Kisha nikasikia sauti ndogo, ya Awuor, binti yao mdogo, karibu sana na simu: “Babu, harakisha, yanapoa!”

Mtu alimnyamazisha. Mimi niliuma. Lilikuwa tamu kama yalivyo mahindi yaliyopandwa na mvua ya kwanza. Hakuna mahindi mengine yenye utamu huo.

“Nimeonja,” nilisema.

Koki, aliyekuwa amekaa mlangoni tangu ibada, alikuwa ameshauma lake. Kwenye simu ilisikika sauti ya watu wengi wakitafuna. Nilisogeza simu karibu na sikio, nikaendelea kula.